Kwa nini magari ya usiku hugeuka mito ya taa kwenye filamu zisizo na maneno?

Ukimuuliza mtu aliyetazama filamu ya Koyaanisqatsi anakumbuka nini, aghalabu atakutajia barabara za mjini usiku. Magari hayaonekani. Kilichopo ni mito miwili ya taa, mmoja mweupe unaokuja na mwingine mwekundu unaokwenda zake, yote ikitiririka bila kukatika kati ya maghorofa. Hakuna msimulizi wala mahojiano. Ni picha na muziki tu kwa dakika 86. Na maelezo unayoyasikia mara nyingi ni kwamba waliotengeneza filamu ile walirekodi magari kama kawaida, kisha wakaukimbiza mkanda.

Sivyo. Mkanda uliorekodiwa kawaida unaweza kuukimbiza mara kumi, mara hamsini, hata mara mia, na mto hautatokea. Utaona giza lenye vidoa vya mwanga vinavyorukaruka. Mto wa taa hauzaliwi wakati wa kuonyesha filamu wala mezani kwa mhariri. Unazaliwa ndani ya kamera, usiku uleule, na sababu yake inavutia kuliko hilo la kukimbiza mkanda.

Kwanza historia kwa ufupi. Koyaanisqatsi ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mwongozaji wake, Godfrey Reggio, aliwahi kuishi miaka 14 katika shirika la mabradha wa Kikatoliki nchini Marekani kabla ya kuingia kwenye filamu. Mpiga picha mkuu ni Ron Fricke, na muziki ni wa Philip Glass. Jina limetoka katika lugha ya Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, nao hulitumia kwa maisha yaliyopoteza mizani. Reggio alitoa nyingine mbili za kuendeleza ile, mwaka 1988 na 2002, naye Fricke akaongoza Baraka mwaka 1992, ambayo sehemu zake zilipigwa Kenya na Tanzania. Tukisema "bila maneno" tunakadiria kidogo, kwa sababu mwishoni mwa Koyaanisqatsi kuna utabiri wa Kihopi unaoimbwa, na tafsiri yake inaandikwa kwenye skrini. Turudi kwenye kamera.

Filamu ya sinema ni picha mgando 24 kwa kila sekunde. Ukipiga 24 kwa sekunde na kuonyesha 24 kwa sekunde, mwendo unabaki ulivyo. Wapiga picha wa filamu hizi walibadilisha kasi ya kupiga na kuiacha ya kuonyesha ilivyo. Mbinu yenyewe si ya jana, maana kufikia mwaka 1910 tayari Waingereza walikuwa wakitazama maua yakichanua kwenye skrini kwa njia hii.

Chukua bahari. Kaa ufukweni Unguja siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, uyatazame yakipwa. Hutaona kitu kikiondoka. Utaona mawimbi yaleyale yakija na kurudi, na baada ya muda utashtuka ngalawa zimelala mchangani. Sasa fumba macho, ufumbue mara moja kila nusu dakika, na kila unapofumbua upige picha moja. Toka maji kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita, kwa hiyo utakuwa na picha 720. Zionyeshe 24 kwa sekunde na bahari nzima itaondoka mbele yako kwa sekunde 30. Hapo hujakimbiza chochote, ila umeangalia mara chache. Na kila ulipofumbua, hakuna aliyekulazimisha uyafumbe macho upesi. Ungeweza kuyaacha wazi sekunde kumi au ishirini na mwanga ukaendelea kuingia.

Mto wa taa umejificha katika huo muda wa kuacha macho wazi. Ndani ya kamera ya sinema kuna shata, kipande kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Kamera inayokwenda picha 24 kwa sekunde haiwezi kuipa picha moja zaidi ya sehemu moja ya 24 ya sekunde, na kwa kawaida huipa nusu ya hapo, yaani sehemu moja ya 48. Usiku huo ni mwanga mchache mno, hasa kwa mikanda ya miaka ya 1970, iliyohitaji mwanga mwingi kuliko simu zetu za leo. Lakini ukipiga picha moja tu kila sekunde, shata inaweza kubaki wazi karibu sekunde nzima. Picha inapata mwanga mara 48 zaidi, na gari linalopita linaandika njia yake yote juu ya mkanda, kama mstari.

Tulipime gari moja. Linakwenda kilomita 60 kwa saa, ambayo ni karibu mita 17 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya 48 ya sekunde, taa zake zinaacha alama ya kama sentimita 35. Picha ya pili inapigwa sekunde moja baadaye, gari likiwa mita 17 mbele. Kati ya alama hizo mbili hakuna kitu, na jicho linaona taa ikitoweka hapa na kuzuka pale. Shata ikibaki wazi karibu sekunde nzima, alama inakuwa mstari wa takriban mita 17, na mstari wa picha inayofuata unaanzia pale wa kwanza ulipoishia. Magari yakiwa mengi, mistari inaungana na jicho linakosa pa kushika. Hapo ndipo magari yanapogeuka maji.

Tatizo la alama fupi si kurukaruka tu. Tuseme nyuma ya gari letu kuna jingine, umbali wa mita 20. Baada ya sekunde moja yote mawili yamesogea mita 17. Lile la nyuma sasa liko mita tatu tu nyuma ya mahali lilipokuwa la kwanza. Jicho huunganisha kila kitu na kilicho karibu nacho zaidi katika picha inayofuata, kwa hiyo litaapa kwamba gari la kwanza limerudi nyuma mita tatu. Barabara nzima itakwenda kinyumenyume. Ndiyo sababu magurudumu ya mikokoteni katika filamu za zamani huonekana yakizunguka kurudi nyuma. Mstari mrefu unaliondoa kosa hilo kwa sababu haumwachii mtazamaji nafasi tupu ya kukisia.

Kuna pia suala la mkanda wenyewe. Mkanda wa milimita 35 unabeba picha 16 kwa kila futi. Kurekodi usiku wa saa sita kwa mwendo wa kawaida kungemeza picha 518,400, yaani mkanda wa karibu kilomita 10. Kupiga picha moja kila sekunde kumi kunatumia picha 2,160 na mkanda wa kama mita 41. Anayedhani walikimbiza tu anawapa kilomita kumi za mkanda wa gharama kubwa, ambao kati ya kila picha 240 zake, 239 zingetupwa.

Si kila tukio la haraka katika filamu hizi lilipigwa kwa mstari mrefu. Watu wanaomiminika katika stesheni ya Grand Central, New York, wanahaha kama siafu waliovurugwa, na nyuso na mabegi yao bado unayatambua. Matukio mengine yamegeuzwa kabisa, yamepigwa kwa picha nyingi kuliko 24 ili mtu aonekane akigeuza uso taratibu mno. Kila tukio limepewa mwendo wake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema filamu hizi zimethibitisha kwamba maisha ya mjini yana haraka ya kichaa. Kwa mbinu hii kila kitu kina haraka. Katika filamu hiyohiyo mawingu juu ya majabali yanaporomoka kama maporomoko ya maji, na hakuna anayeyalaumu. Haraka imewekwa na kamera. Ambacho kamera haikuweka ni mapigo. Tazama makutano ya barabara yakipigwa usiku kutoka juu ya ghorofa. Taa nyekundu ikiwaka, mistari inakatika na magari yaliyosimama yanageuka nukta kali za mwanga. Ikiwaka ya kijani, nukta zinayeyuka tena kuwa mistari, zinafika makutano yanayofuata, zinasimama. Jiji zima linasukuma na kuachia kwa kipimo kimoja kilichopangwa na mitambo. Mapigo hayo yapo kweli, na dereva aliye ndani ya gari lake hawezi kuyaona hata siku moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito ya filamu hizi kuhusu teknolojia, na haikuhitaji msimulizi.

Kama unataka kuona tofauti mwenyewe, simu inatosha. Simama salama mahali pa juu palipo karibu na barabara kubwa, iwe Thika Road au Ubungo, uweke simu kwenye kitu kisichotikisika na uwashe rekodi ya vipindi (time-lapse), yaani ile inayopiga picha moja moja kila baada ya muda fulani. Mchana magari yatarukaruka, kwa kuwa kwenye jua kali simu hufungua njia ya mwanga kwa muda mfupi sana. Rudi usiku, na kama programu yako ya kamera inaruhusu kuchagua muda wa mwanga, weka sekunde moja kwa picha na kipindi cha sekunde moja au kinachozidi hapo kidogo.