Je, wajua yai la ndege wa Sindibadi lilitoka Bukini?

Barazani Lamu, baada ya isha, hadithi ya rukhu, ndege mkubwa wa ajabu, bado ina wasikilizaji. Sindibadi baharia ameachwa kisiwani peke yake. Anaona kuba jeupe lisilo na mlango, analizunguka, anahesabu hatua 50. Mara jua linafichwa na mbawa: kuba ni yai, na mwenyewe anashuka kulilalia. Mpwa wangu aliisikiliza hadithi hiyo usiku mmoja mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mjomba, na yai lile lilikuwako kweli?"

Lilikuwako. Halikuwa la hatua 50, lakini hakuna ndege mwingine anayejulikana aliyetaga kubwa kuliko hilo. Lilitagwa Bukini, kisiwa ambacho ramani za leo hukiita Madagaska. Jina lake tunalitaja kila tumwitapo bata bukini, na wazee wetu walikijua kwa safari: katika karne ya 17 wafanyabiashara wa Pate na Lamu walivuka hadi pwani yake ya kaskazini magharibi.

Mtagaji anaitwa Aepyornis kwa jina la kisayansi. Wengi humwita ndege-ndovu. Yai lake hupita sentimita 30 kwa urefu, na ndani yake huingia lita 8 au zaidi, sawa na mayai ya kuku 150 hivi. Ganda ni nene kama kigae cha mtungi, ndiyo maana vipande vyake bado vinaokotwa kwenye mchanga wa kusini mwa kisiwa.

Ndege mwenyewe alifika kimo cha mita 3 na uzito wa zaidi ya kilo 500. Msimamishe kando ya punda wetu wa Lamu, punda ataonekana mtoto. Sasa, rukhu wa hadithi hubeba ndovu angani. Huyu hakuweza kuinuka hata shubiri moja. Ukila kuku, utaona mfupa wa kidari umesimama katikati kama mkuku wa jahazi. Hapo ndipo inaposhika misuli ya mbawa. Kidari cha ndege-ndovu kilikuwa bapa, hakina mkuku, na mbawa zilikuwa vijiti tu.

Aliishije, basi? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Ubongo wa ndege hulijaza fuvu barabara, kwa hiyo fuvu tupu hubaki na umbo la ubongo uliokuwamo. Mwaka 2018 Christopher Torres na Julia Clarke wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha walichokiona ndani ya mafuvu ya ndege-ndovu: sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona ilikuwa ndogo mno, karibu haipo. Ndege mkubwa hivyo, na macho yake hayakumfaa sana! Yaelekea alitembea usiku. Sehemu ya kunusa, kwa upande wake, ilikuwa kubwa, jambo linaloashiria maisha ya msituni, gizani, akitafuta chakula kwa harufu.

Ubongo wa namna hiyo anao pia kiwi wa New Zealand, ndege wa usiku mwenye kimo cha kuku. Na kweli ni jamaa: vinasaba vilivyochunguzwa mwaka 2014 vilionyesha kwamba kiwi ndiye ndugu yake wa karibu kuliko wote, hata kuliko mbuni wa huku Afrika. Bahari yote ile iliyo kati yao haikuvukwa kwa miguu. Mababu zao waliruka, kisha kila mmoja akaacha kuruka kisiwani kwake.

Mimi naona siri ya hadithi imo humo. Ndege anayetembea usiku ndani ya msitu, baharia atamwona wapi? Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana kusini mwa Bukini, aliandika mwaka 1658 habari za ndege mkubwa anayetafuta mahali pasipo watu ili asinaswe. Yai ndilo lililofika mikononi mwa watu. Ukishika yai la lita 8 na mamaye humjui, utawaza tai mkubwa. Marco Polo naye, mwishoni mwa karne ya 13, alisimuliwa kuhusu rukhu wa upande huo anyakuaye ndovu. Wakati huo ndege-ndovu alikuwa ametoweka au anamalizikia. Mifupa mingi inaonyesha alikwisha miaka 1,000 hivi iliyopita, baada ya watu kumwinda, kuchukua mayai yake na kuchoma misitu.

Na yai lake lilisafiri kumshinda. Mwaka 1992 watoto watatu walikuwa wakicheza kwenye vilima vya mchanga karibu na Cervantes, pwani ya magharibi ya Australia, wakafukua yai zima la ndege-ndovu, la umri wa miaka 2,000 hivi. Ndege huyo hakuwahi kuishi Australia. Yai lilielea, likavuka Bahari ya Hindi nzima bila kuvunjika.

Tangu nimsimulie hayo, mpwa wangu hapiti vilima vya mchanga vya Shela bila kuinama kutazama.