Rolls-Royce Silver Shadow "iliyofufuliwa": usisome rangi, soma mafuta na kutu

Silver Shadow ilianza kutoka kiwanda cha Crewe, Uingereza, mwaka 1965. Shadow II ilifuata mwaka 1977 na utengenezaji ukakoma 1980. Zilitengenezwa nyingi kuliko Rolls-Royce yoyote iliyozitangulia, ndiyo maana hadi leo hazikosekani sokoni, nyingi zikiwa na maelezo kwamba zimefufuliwa upya. Neno hilo hubeba mambo mawili tofauti kabisa: gari lililovuliwa mpaka bati likabaki tupu, na gari lililopigwa rangi, viti vikapakwa losheni, likapelekwa kupigwa picha.

Dhana: Sumaku isiposhika, hapo pamepigwa puti

Wanunuzi wengi huja na sumaku mfukoni, wakaigusisha mlangoni, ikaanguka, nao wakaondoka wamekasirika. Milango, boneti na kifuniko cha buti vya Silver Shadow ni aluminiamu tangu kiwandani. Sumaku haishiki hapo hata kwenye gari ambalo halijawahi kukwaruzwa. Iweke kwenye chuma: madigadi za mbele na za nyuma, nguzo za milango, na ubao wa chini ya milango. Hapo isiposhika, au ikishika kwa kulegea, sasa uliza maswali.

Kutu huanzia mahali ambapo picha hazifiki. Pitisha kidole ndani ya ukingo wa madigadi za nyuma, juu ya gurudumu. Ukingo mzima ni mkali na umenyooka, uliojazwa puti ni mnene na una mawimbi. Shuka kwenye ncha za chini za madigadi za mbele, kisha sehemu za kuwekea jeki, kisha kuzunguka kioo cha mbele na cha nyuma. Rangi iliyovimba kama malengelenge pale aluminiamu inapokutana na chuma maana yake metali hizo mbili zimekuwa zikilana kwa unyevu, na rangi mpya juu yake haiponyi kitu. Hii ndiyo Rolls-Royce ya kwanza ambayo bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari, haina chasisi ya kujitegemea chini. Kwa hiyo kutu ya ubaoni ni ya kukata na kuchomelea, si ya kufunika.

Dhana: Breki ni breki, fundi yeyote wa gereji atazimudu

Hapa ndipo pesa inapoliwa, na ndipo matangazo mengi yanapokaa kimya.

Rolls-Royce walichukua leseni ya teknolojia ya Citroën, kampuni ya magari ya Ufaransa. Pampu mbili zinazoendeshwa na kamshafti hujaza akyumuleta mbili, yaani tufe za chuma zenye gesi ya naitrojeni, kwa shinikizo linaloweza kufika psi 2,500, takriban bar 170. Shinikizo hilo ndilo linalofunga breki, na ndilo linaloinua sehemu ya nyuma ya gari unapopakia mizigo. Mfumo umegawanywa mara mbili ili mmoja ukifa mwingine ukusimamishe, na kila mmoja una taa yake kwenye dashibodi.

Jaribio lake halihitaji chombo chochote. Egesha mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu. Washa injini uiache inguruma hadi taa zote mbili za shinikizo zizimike, na dakika chache zaidi. Zima injini, kisha rudisha ufunguo kwenye "washa" bila kuwasha injini. Sasa kanyaga breki na kuachia, ukihesabu, mpaka taa ya kwanza iwake. Tufe nzima hukupa mikanyago 20 na zaidi. Ikiwaka kabla ya 10, gesi imekwisha au kuna valvu inayovuja. Muuzaji akikuambia taa hiyo "huwaka tu, ni umri", mshukuru uende zako.

Jaribio la pili ni la joto. Endesha kilomita kumi hivi bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, mara nyingi mpira unaopitisha mafuta ya breki umevimba kwa ndani: mafuta yanaingia kwa nguvu lakini hayarudi, na kalipa, yaani kibanio cha breki, haiachii. Mipira hiyo ni mingi, kila mmoja una umri wake, na gari linalodaiwa kufufuliwa linapaswa kuwa na risiti ya kubadilisha yote pamoja na sili za pampu na kalipa.

Dhana: Kwa kuwa mfumo ni wa Citroën, weka mafuta ya kijani ya Citroën

Hapana. Kosa hili limeua magari mengi. Silver Shadow hutumia RR363, mafuta ya breki ya aina ya glaikoli yaliyoongezewa mafuta ya mbarika ili kulainisha pampu. Mafuta ya madini, yale ya kijani, yalikuja na Silver Spirit, modeli iliyoirithi Shadow, mwaka 1980. Ukiyamimina ndani ya Shadow, sili za mpira huvimba na kulainika, na kazi inakuwa ya kufungua mfumo mzima kutoka tangini hadi kalipa ya mwisho. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT, hayaharibu sili, ila pampu hukosa kilainisho na kuchakaa. Fungua tangi la mafuta ya breki uone: yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, hayajabadilishwa zaidi ya miaka miwili.

Dhana: Kilomita chache ni dalili ya afya

Kwa gari hili ni kinyume. Lililokaa gereji miaka kumi chini ya turubai limekausha sili na kutia kutu pistoni za kalipa. Lililoendeshwa kila wiki na kuhudumiwa lina nafuu.

Dhana: Spea hazipatikani

Giaboksi ya Shadow nyingi ni Turbo Hydramatic 400 ya General Motors, yenye gia tatu, na kuna mafundi chungu nzima wanaoijua. Zile za usukani wa kulia za kabla ya 1968 zina ya gia nne. Vitu vya kuogopa ni vidogo: mapambo ya kromu, na veneri ya mbao iliyopasuka vanishi kwa jua.

Dhana: Halihitaji ukaguzi wa MOT, kwa hiyo ni zima

MOT ni ukaguzi wa magari wa kila mwaka wa Uingereza, na nchi hiyo iliyasamehe magari ya zaidi ya miaka 40 ambayo hayajabadilishwa sana kuanzia Mei 2018. Msamaha ni wa karatasi, si wa breki. Gari likiwa na namba ya usajili ya Uingereza, historia yake ya MOT inatazamwa bure mtandaoni: mwaka baada ya mwaka utaona maili zilizotembewa, na mara nyingi utakuta kutu ileile imeandikwa mara tatu kabla ya "kufufuliwa".

Soma pia namba ya chasisi. SRH ni gari la kawaida la milango minne la usukani wa kulia, ule unaotufaa Tanzania, Kenya na Uganda. SRX ni ya kushoto. Namba za Shadow II huanzia 30001, kwa hiyo itegemee namba: bampa za mpira peke yake hazithibitishi kwamba ni Shadow II. Kadi za kiwandani za kila gari, zikiwa na rangi yake ya kwanza, zinatunzwa na klabu ya wapenzi wa Rolls-Royce huko Paulerspury, Uingereza.

Dhana: Injini ya V8 haifi

Ni imara kweli: lita 6.23 hadi 1970, kisha 6.75. Lakini bloku ni aluminiamu na silinda zake ni mikebe ya chuma inayozungukwa na maji, iliyozibwa chini kwa pete za mpira. Maji ya rejeta yakikosa dawa ya kuzuia kutu, pete na bloku huliwa. Kiwanda kiliacha matundu madogo ubavuni mwa bloku ili uvujaji uonekane. Mwombe muuzaji asiwashe injini kabla hujafika, kisha lala chini na tochi utazame matundu hayo yakiwa baridi. Michirizi ya maji au ukoko mweupe hapo maana yake injini inatoka nje ya gari.