Kihungaria na Kiuzbeki si lugha moja

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwamba Wahungaria na Wauzbeki wanazungumza lugha moja. Ushahidi wake ni tufaha: "alma" kwa Kihungaria, "olma" kwa Kiuzbeki.

Kufanana huko ni kweli. Wahungaria waliliazima neno hilo zamani kutoka lugha za Kituruki, jamii ambayo Kiuzbeki kimo. Lakini kuazima si undugu. Sisi tuna "kitabu" na "habari" kutoka Kiarabu, na Kiswahili kimebaki Kibantu.

Fungua kamusi uhesabu moja hadi tatu: egy, kettő, három kwa Kihungaria, bir, ikki, uch kwa Kiuzbeki. Kisha tafuta maji. Kiuzbeki ni suv, Kihungaria víz, na Kifini, ndugu yake wa mbali, vesi.

Hata kwenye ramani hazikutani. Kihungaria kinasikika pia Romania, Slovakia, Serbia na Ukraine, kwa kuwa mwaka 1920 mipaka ya Hungaria ilisogezwa, watu wakabaki walipo. Kiuzbeki ni cha Asia ya Kati, hadi Tajikistan na kaskazini mwa Afghanistan.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, uishie kwenye simu yako.