Maji yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto

Kila wanapoingia kidato cha kwanza wapya naambiwa jambo lilelile, tena kwa uhakika kabisa: "Mwalimu, maji yakitokota sana si ndiyo yanazidi kuwa ya moto?" Hapana. Hakuna dhana inayoniudhi kama hii, kwa sababu kipimajoto kipo, maji yapo, na bado mtu anajibu bila kupima.

Hapa Dar es Salaam tuko karibu na usawa wa bahari, na maji safi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Yakishafika hapo, koleza mkaa, pepea jiko mpaka mkono uchoke, kipimajoto kitabaki palepale. Joto unaloongeza halipandishi tena jotoridi. Linatumika kuzitenganisha molekuli za maji ziondoke kama mvuke, na kazi hiyo si ndogo. Kutoa kilo moja ya maji nyuzi 30 hadi 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 294 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunahitaji kama 2,260, zaidi ya mara saba. Ndiyo maana sufuria huchemka upesi lakini huchukua muda mrefu kukauka.

Kwa hiyo maharage yanayotokota kwa fujo hayaivi mapema kuliko yanayotokota taratibu. Yanachomaliza haraka ni maji na mkaa. Yakishachemka, funika, punguza moto! Kawaambieni na nyumbani, maana mkaa ni ghali.

Kinachobadilisha kiwango cha kuchemka ni mgandamizo. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inagandamiza kwa nguvu ndogo kuliko hapa Dar es Salaam, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi na maharage yaleyale huchelewa kuiva. Presha kuka hufanya kinyume chake: huubana mvuke, na maji ndani yake huweza kukaribia nyuzi 120. Mwenye haraka atumie hiyo.

Mapovu makubwa ya maji yanayochemka nayo si hewa, ni mvuke wa maji. Hewa ni vile vipovu vidogo vinavyotangulia, wakati maji bado yanapata moto.

Kuna wanaosema chupa ya soda baridi inavuja jasho. Mbona soda ni nyeusi na matone hayana rangi? Maji yale yametoka kwenye hewa yetu yenye unyevu mwingi. Mvuke ukigusa chupa baridi hugeuka matone. Ifute chupa iliyofungwa, iweke kwenye mzani mzuri, usubiri: itaongezeka uzito.

Na kitu kizito hakianguki haraka kwa sababu ya uzito wake. Tofauti mnayoiona inaletwa na hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya pamoja mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja. Anayenibishia kwa karatasi na jiwe aifinyange kwanza karatasi yake iwe donge, kisha aangushe tena.