Anayechunga na anayechungwa: mjadala wa uhuru ndani ya China

Mama mwenye nyumba wangu kule Hangzhou tulimwita Ayi, yaani mama mdogo, kama wanavyoitwa wanawake wa rika lake China nzima. Jioni moja nilimuuliza kama hakerwi na kamera zilizofungwa kila kona ya mtaa wetu. Alinishangaa. Binti yake alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku saa saba, kwa miguu, peke yake, na hakuwahi kuguswa. "You ren guan," akanijibu. Kuna anayechunga.

Wiki hiyohiyo watu wa kamati ya mtaa walikuja kumwambia ang'oe mboga alizopanda kwenye kipande cha udongo nyuma ya jengo. Alirudi ndani amekunja uso, akalitamka neno lilelile kwa hasira: "Guan de tai kuan!" Wanachunga mpaka kusikowahusu.

Kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya kisheria kutoka Kichina, na hakuna istilahi iliyowahi kunisumbua kama kitenzi hicho kifupi, guan. Kamusi hutoa kutawala, kusimamia, kudhibiti. Lakini mtoto asiye na wa kumwangalia husemwa meiren guan, hakuna anayemjali, na hapo neno linajaa huruma. Kwa Kiswahili, lililo karibu kuliko yote naliona ni kuchunga. Tunachunga mbuzi, tunachunga watoto, na tukimtisha mtu tunamwambia achunge mdomo wake. Mapenzi na fimbo vinakaa ndani ya neno moja.

Nimeanzia hapa kwa sababu Waswahili wenzangu huniuliza kila ninaporudi nyumbani kama ni kweli Wachina hawajali uhuru. Wanajali, na wanaubishania kila siku, mezani, mahakamani na kwenye simu zao. Ila ubishi wao mara nyingi hauanzi na swali la kama mtu achungwe au asichungwe. Unaanza na mpaka: mchungaji aishie wapi, na yeye mwenyewe anachungwa na nani.

Mpaka huo uliwahi kuandikwa kwenye jalada la kitabu. Yan Fu, mzaliwa wa Fujian aliyepelekwa Uingereza kusomea masuala ya jeshi la majini huko Greenwich, alitafsiri kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu uhuru. Muswada wake ulipotea katika machafuko ya mwaka 1900, ukarudi mikononi mwake, ukachapwa mwaka 1903. Jina la asili ni fupi, "Juu ya Uhuru". Yan Fu akalibadilisha likawa Qun ji quan jie lun: hoja juu ya mpaka wa haki kati ya kundi na nafsi. Alikuwa na sababu. Neno ziyou, ambalo leo ndilo uhuru kwa Kichina, masikioni mwa wasomi wa wakati ule lilikuwa na harufu ya utovu wa adabu, mtu kujifanyia apendavyo. Ukiligawa, zi ni nafsi na you ni kutokana na. Neno letu lilitoka kwenye Kiarabu likiwa limembeba mtu asiye mtumwa, kisha miaka ya 1960 likapandishiwa bendera. Mswahili akisikia uhuru, wa kwanza kumjia akilini ni mkoloni akifunga mizigo. Ziyou linamleta mtu mmoja aliyesimama mbele ya wengi, na swali linalofuata papo hapo ni kama wengi hao wataumia.

Sasa twende kwenye bustani ya wanyama, kwa maana ndipo mjadala wa miaka hii ulipopata kesi yake maarufu. Aprili 2019, Guo Bing, mhadhiri wa sheria mjini Hangzhou, alinunua kadi ya mwaka ya watu wawili kwenye bustani ya wanyama ya jiji hilo kwa yuan 1,360. Alitoa alama za vidole, ndivyo mkataba ulivyosema. Oktoba akapata ujumbe kwenye simu: mfumo umebadilika, asiyesajili sura yake hataingia tena. Aliomba arudishiwe pesa, hawakuelewana, akaenda mahakamani. Watu wengi walimshangaa. Nchi ambayo unalipia mkate kwa kutazama kioo, mtu anashtaki kwa sababu ya lango la kuonea simba?

Mahakama ya wilaya ya Fuyang ilitoa hukumu Novemba 2020: alipwe yuan 1,038, na picha za sura yake zifutwe. Guo hakuridhika, akakata rufaa. Aprili 2021 mahakama ya juu yake iliongeza kwamba alama za vidole nazo zifutwe. Hakushinda kila alichokitaka, kwani alitaka masharti yale yatangazwe kuwa batili na mahakama ikakataa. Hata hivyo kesi ile iliwafundisha mamilioni ya watu kwamba sura ni mali ya mtu. Beijing, profesa wa sheria ya jinai Lao Dongyan alikuwa ameshaandika mwaka 2019 kupinga mpango wa kuwachuja abiria wa treni za chini ya ardhi kwa kutambua sura, na mwaka uliofuata akapinga lango kama hilo kwenye makazi yake mwenyewe. Hoja yake naipenda kwa ukavu wake. Anayekusanya data anasema ni kwa ajili ya usalama wako, lakini data hiyo ikivuja, atakayeumia ni wewe na wala si yeye.

Novemba 1, 2021 sheria ya kulinda taarifa binafsi ilianza kazi. Niliitafsiri nikiwa na furaha ya kweli, mpaka nilipofika kwenye sehemu inayohusu vyombo vya dola. Kampuni imefungwa mikono: iombe ridhaa, ieleze sababu, ifute ikiambiwa. Kamera za kutambua sura mahali pa umma ziwekwe kwa ajili ya usalama wa umma tu, na kibao kionekane. Vyombo vya dola navyo vimetajwa kuwa chini ya sheria hiyo, ila havilazimiki kumjulisha mtu pale ambapo kumjulisha kutakwamisha kazi yao. Mlango huo ni mpana. Bustani ya wanyama haiwezi kupita hapo, polisi wanaweza.

Kwa nini jambo hili si la wanasheria peke yao, Henan ilionyesha. Wakati wa korona kila mtu alibeba msimbo wa afya kwenye simu, kijani apite, nyekundu akae ndani. Wengi waliukubali, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa kweli. Majira ya kuchipua mwaka 2022 benki kadhaa ndogo za vijijini mkoani Henan zilizuia akiba za wateja wake. Wateja wakapanga kwenda Zhengzhou, mji mkuu wa mkoa huo, kudai pesa zao. Mwezi wa Juni walipokaribia, misimbo yao ikageuka nyekundu. Hawakuwa wagonjwa. Uchunguzi wa jiji lenyewe ulikiri kwamba watu 1,317 waligeuziwa rangi, na maofisa watano wakaadhibiwa. Kelele zilitoka kila upande, hata kwa Hu Xijin, mhariri mkuu wa zamani wa gazeti la Global Times, ambaye kwa kawaida ni mtetezi wa serikali. Alisema msimbo wa afya ni wa kuzuia ugonjwa na usitumike kwa jingine.

Nakumbuka nilimpigia Ayi siku zile. Yeye hakuwa na akiba Henan. Lakini maisha yake yote aliamini kwamba anayekuchunga anaangalia homa yako, na sasa aliona kitufe kilekile kinaweza kumzuia mtu kwenda kudai haki yake. Alinyamaza kwa muda, akabadilisha mazungumzo.

Ingekuwa makosa nikiwaonyesha Wachina wote kama watu wanaopinga udhibiti. Agosti 2021 serikali iliamua kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Wazazi ninaowafahamu walishangilia. Wale wanaofanya kazi saa kumi na mbili kwa siku na kumwacha mtoto na bibi yake walihisi kwamba hatimaye kuna aliyewasaidia kulea. Kijana wa miaka 17 aliniambia maneno ya kinyume kabisa, na nadhani wote wawili walikuwa wakweli. Wachina wana msemo kuhusu hali hii: yi fang jiu luan, yi guan jiu si. Ukiachia, vurugu, ukibana, inakufa. Unatumiwa sana kuhusu uchumi, lakini nimeusikia ukitumiwa kuhusu masoko ya usiku, vyuo vikuu na hata watoto.

Septemba 2023 ilikuja rasimu ya kurekebisha sheria ya adhabu za usalama wa umma, ile inayompa polisi uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kupita mahakamani. Kifungu cha 34 kilitaka kuadhibu mavazi na maneno "yanayodhuru moyo wa taifa la China na kuumiza hisia zake". Adhabu ilikuwa siku tano hadi kumi, au faini ya yuan 1,000 hadi 3,000. Watu wakakumbuka mara moja tukio la Suzhou, Agosti 2022, ambapo polisi walimchukua mwanamke kijana aliyekuwa akipiga picha mtaani amevaa kimono. Nani atapima hisia za taifa? Askari wa zamu? Swali hilo liliulizwa na maprofesa, akiwemo Lao Dongyan, na liliulizwa na watu wasiowahi kusoma sheria. Ndani ya mwezi mmoja karibu watu 100,000 waliandika maoni kwa Bunge, na maoni yenyewe yalizidi 125,000.

Maneno yale yaliondolewa. Rasimu ya pili, mwaka 2024, ilibaki na mavazi na alama zinazotukuza vita vya uvamizi, na hivyo ndivyo sheria ilivyopitishwa Juni 2025. Kwangu mimi huu ni ushahidi kwamba kuandika barua kunaweza kuzaa matunda, hata pale ambapo kura haimwondoi mtawala.

Lakini nani anaruhusiwa kuandika barua, na mpaka lini? Mwaka 2003 kijana mbunifu wa michoro aitwaye Sun Zhigang alikamatwa Guangzhou kwa kutokuwa na kibali cha ukaazi. Alikuwa na miaka 27, na siku tatu baadaye alikufa kwa kipigo akiwa mikononi mwa mfumo wa kuwashika na kuwarudisha kwao watu waliohamia mijini. Gazeti la mji huo, Nanfang Dushi Bao, lilichapisha habari. Wanasheria watatu vijana waliliandikia Bunge wakisema kanuni hiyo ya mwaka 1982 inakiuka Katiba. Haikufika hata Julai, serikali ilikuwa imetangaza kuifuta. Ninapowafundisha vijana kutafsiri huwa nawapa barua ile, kwa sababu ni ya heshima, fupi na haina pa kuishika. Mmoja wa walioitia saini ni Xu Zhiyong. Aliendelea na njia ileile ya kudai Katiba ifuatwe, akaanza kuwakusanya raia wengine. Mwaka 2014 alifungwa miaka minne. Aprili 2023 alihukumiwa miaka kumi na minne kwa kosa la kupindua mamlaka ya dola. Katiba aliyoinukuu haijabadilika katika kipengele kile: kifungu cha 35 bado kinawapa raia uhuru wa kusema na kukusanyika.

Hapo ndipo mpaka ulipo, kwa kadiri ninavyousoma. Mtu anaweza kubishana na bustani, na kampuni, na ofisa wa Zhengzhou, hata na kifungu cha rasimu. Akianza kuuliza nani amempa mchungaji fimbo, au akiwaita wengine waulize pamoja naye, mjadala unakuwa kesi. Na naliona hili kuwa dhuluma, kwa sababu wale wale wanaokatazwa ndio waliofanya kanuni mbaya ifutwe.

Kuna karatasi moja ninayoihifadhi kwenye kompyuta yangu. Ni onyo ambalo polisi wa Wuhan walimpa daktari wa macho Li Wenliang tarehe 3 Januari 2020, kwa kuwa aliwatahadharisha wenzake kuhusu ugonjwa unaofanana na SARS, ule wa mapafu, ambao baadaye ulijulikana kama korona. Isomeni kama mtafsiri anavyoisoma. Lugha yake ni ya mzazi kwa mtoto: tunatumaini utatulia na kujitafakari. Kisha maswali mawili. Je, unaweza kufanya hivyo? Akaandika kwa mkono, neng, naweza. Je, umeelewa? Mingbai, nimeelewa. Kila neno akalitia dole gumba kwa wino mwekundu.

Alifariki tarehe 7 Februari. Usiku ule watu walijaza Weibo, mtandao wa kijamii wa China, kwa maneno "nataka uhuru wa kusema", yakafutwa kabla ya asubuhi. Wengine walijipiga picha na barakoa zilizoandikwa buneng, bu mingbai: siwezi, sielewi. Mwezi Machi polisi waliliondoa onyo na kuomba radhi kwa familia. Novemba 2022, baada ya moto wa Urumqi kuua watu kumi katika jengo la mji uliokuwa umefungwa kwa miezi kwa sababu ya korona, vijana wa Shanghai na Beijing walisimama barabarani na karatasi nyeupe zisizo na neno lolote. Baadhi yao walikamatwa. Tarehe 7 Desemba masharti makali ya korona yalilegezwa.

Ujumbe wa mwisho wa Daktari Li, ule wa tarehe 1 Februari akisema majibu ya vipimo yameonyesha ana virusi, uliachwa kwenye Weibo. Chini yake watu wameandika zaidi ya mara milioni moja. Wengi wao hawagusi siasa kabisa. Wanamwambia wamefaulu mtihani, wameachwa na mchumba, mvua imenyesha kwao, na usiku wanamuaga kabla ya kulala.