Kwa nini kidari cha bata mzinga hukauka kabla paja halijaiva?

Alhamisi ya nne ya Novemba, nyumba nyingi za Marekani hunukia nyama ya kuoka tangu asubuhi. Ni Sikukuu ya Shukrani, ambayo Rais Abraham Lincoln aliitangazia taifa zima mwaka 1863, na Bunge la nchi hiyo likaiwekea Alhamisi hiyo kisheria mwaka 1941. Katikati ya meza hukaa bata mzinga mzima wa kilo 7 au 8, pengine 10, ngozi ikimetameta rangi ya asali. Anakatwa, sahani zinapita. Mmoja kapata kidari, ile nyama ya kifuani: anatafuna, anatafuna tena, anaomba maji. Mwenzake kapata paja, na karibu na mfupa nyama bado ina wekundu na inavutika kama mpira. Ndege ni mmoja, oveni ni moja, saa ni zile zile. Imekuwaje huku kukauke na kule kusiive?

Nimekaa kwenye meza hizo miaka kadhaa, kwanza nikiwa mgeni, baadaye nikiwa ndiye ninayesimama mbele ya oveni. Kwetu kuku akichinjwa hukatwa vipande, na hasa akiwa wa kienyeji, mpishi hujua bila kuambiwa kwamba mapaja yanataka moto mrefu kuliko kidari. Huku ndege huingia motoni akiwa mzima, vyote kwa pamoja, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Jina lisikupoteze: bata mzinga si bata. Yuko upande wa kuku na kwale. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na wenyeji wa Mexico walikuwa wamekwisha kumfuga karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Yule wa porini hushinda akitembea msituni, akichakura majani kutafuta mbegu na wadudu. Huruka pia, tena kwa kasi, lakini ni kwa kitambo tu: akishtuliwa na adui, au magharibi anapopanda mtini kulala. Kwa hiyo miguu yake hufanya kazi kutwa, na kifua chake hufanya kazi kwa dakika chache.

Maisha hayo yameandikwa kwenye nyama. Msuli unaofanya kazi muda mrefu unahitaji akiba ya oksijeni, na anayeitunza akiba hiyo ni mayoglobini, protini yenye rangi nyekundu. Ndiyo maana nyama ya paja ni nyeusi-nyeusi na ya kidari ni nyeupe. Aliyewahi kula njiwa au bata wa kweli ameona kinyume chake: kidari chao ni chekundu, kwa sababu wao ni ndege wa safari ndefu za angani. Sasa jambo la pili, na kwa mpishi ndilo kubwa zaidi. Msuli wa kazi ngumu hufungwafungwa na kolajeni, zile nyuzi ngumu nyeupe unazozihisi chini ya jino. Paja la bata mzinga limejaa kolajeni. Kidari kina kidogo sana.

Weka vyote viwili kwenye moto mmoja uone. Nyama ikifika nyuzi 50 za Selsiasi, baadhi ya protini zake huanza kujikunja na kugandamana. Ikipita 60, zinajikaza na kukamua maji yaliyomo, kama mtu anavyokamua nguo aliyofua. Kuanzia karibu 70, protini za mwisho nazo zinasalimu amri, na kidari hakina kitu cha kufidia maji yaliyotoka: kila nyuzi inayoongezeka ni ukavu unaoongezeka. Paja nalo, katika joto hilohilo, ndiyo kwanza linaanza kulegea. Kolajeni huyeyuka polepole ikishavuka nyuzi 70, nayo hugeuka jelatini, ule uteute unaofanya nyama iwe laini na midomo inate kidogo. Likifika nyuzi 80 paja bado ni tamu, pengine ndiyo tamu zaidi. Kidari kilichofika 80 ni pamba.

Katikati ya hayo upo mpaka wa usalama ambao hauchezewi. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka nyama ya ndege ifike nyuzi 74 kila mahali, maana bata mzinga mbichi, kama kuku, huweza kubeba bakteria wa Salmonela. Basi tazama jinsi njia ilivyo nyembamba: kidari kifike 74 na kiishie hapo, paja liendelee hadi 80 hivi, na vyote vimeshikana kwenye mifupa ya mwili mmoja.

Wafugaji nao waliongeza ugumu. Bata mzinga anayeuzwa kwa wingi Marekani leo ni mweupe mwenye kifua kipana, aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu wanunuzi walipenda nyama nyeupe. Kifua kimekuwa kizito kiasi kwamba hawa ndege hawawezi tena kupandana wenyewe. Mayai hurutubishwa kwa mkono wa mfugaji. Ukimlaza chali kwenye trei, kifua hicho husimama kama kilima, mbele kabisa ya hewa ya moto. Mapaja yamejibana ubavuni, viungo vyake vikiwa chini, vimekingwa na mwili wenyewe na kuta za trei. Sehemu isiyotaka moto mwingi ndiyo inayoupokea wa kwanza.

Ukubwa nao una hesabu yake. Moto huingia kwenye nyama kutoka nje, na safari yake ya kwenda ndani ni ya taratibu sana. Kwenye oveni ya nyuzi 163, ndege wa kilo 5 asiyejazwa kitu tumboni huchukua kama saa 3. Wa kilo 10 huchukua saa 4 na nusu hadi 5. Uzito umeongezeka mara mbili, muda haukufika mara mbili, na mtu anaweza kudhani amepata nafuu. Lakini fikiria ile nyama ya juu ya kidari, iliyo sentimita moja chini ya ngozi. Imeiva zamani, nayo inakaa motoni kungoja katikati ipate joto. Kwa ndege mkubwa, kungoja huko ni kwa muda mrefu zaidi. Ukimjaza mikate na vitunguu tumboni, kama wengi wanavyofanya, unaongeza mzigo mwingine, kwa sababu ujazo huo umenyonya maji ya nyama mbichi na lazima nao ufike 74. Mimi ujazo naupika pembeni.

Kabla ya moto kuna barafu. Wengi hununua bata mzinga aliyegandishwa, na kumyeyusha ndani ya friji huchukua siku nzima kwa kila kilo 2 hivi. Wa kilo 8 anayetakiwa Alhamisi asubuhi atoke kwenye friza Jumapili, na asiachwe juu ya meza ya jikoni usiku kucha, kwani nje huwa na joto linalozalisha bakteria huku ndani bado ni jiwe. Aliyechelewa amzamishe kwenye maji baridi, ayabadilishe kila nusu saa, na ahesabu saa moja hivi kwa kila kilo, kisha ampike papo hapo. Ingiza mkono tumboni pia: mara nyingi shingo, firigisi na maini huwa vimefungwa humo kwenye kifuko, na wapishi wageni wamemwoka ndege na kifuko chake.

Dawa ya kwanza ni chumvi, na inataka kuwahi. Siku mbili kabla ya sikukuu namfuta ndege akauke, halafu nampaka chumvi laini, kijiko kikubwa kimoja kwa kila kilo 2 na nusu, nyingi ikienda kwenye kidari, nyingine napenyeza chini ya ngozi kwa vidole. Baada ya saa chache chumvi huvuta maji, ngozi ikalowa. Ukimtazama wakati huo utadhani umeharibu. Mwache. Maji hayo yenye chumvi hurudi ndani yenyewe, na chumvi ikishaingia hulegeza protini za msuli hata zishindwe kujikaza sana kwenye moto. Maji yanayobaki ndiyo unayoyapata mezani. Friji nayo, ndege akiwa hajafunikwa, hukausha ngozi, na ngozi kavu ndiyo inayokuwa nyekundu na kukatika kwa mlio. Ngozi yenye maji haiwezi kupata rangi hadi maji yote yaishe kuwa mvuke. Soma tu karatasi ya ndege wako kwanza, kwa sababu wengi huuzwa wakiwa wamekwisha kudungwa maji ya chumvi, na hao usiwaongeze nyingine.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na mtu wa kwetu hana haja ya kufundishwa. Kuku wa kubanika hupasuliwa akatandazwa kwenye wavu kama kitabu kilichofunguliwa, sivyo? Mfanyie bata mzinga hivyo hivyo. Mlaze kifudifudi, ushike mkasi mkubwa wa jikoni, ukate kando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto, kuanzia mkiani hadi shingoni. Mifupa ya mbavu hukatika kirahisi. Penye kiungo cha paja utalazimika kukaza mikono yote miwili. Uti ukishatoka, mgeuze, weka viganja katikati ya kidari, egemea kwa uzito wako wote mpaka usikie mfupa wa kifua ukisema ka! Sasa amelala bapa. Mapaja yaliyokuwa yamejificha chini yametoka pembeni, yako usawa mmoja na kidari, na yanapokea moto waziwazi. Nyama haina unene uleule tena, kwa hiyo oveni inaweza kuwa kali: ndege wa kilo 5 au 6 kwenye nyuzi 230 huiva kwa saa moja na nusu hivi. Anapoteza lile umbo la kuwekwa katikati ya meza kama mfalme, na wapo wenyeji wanaosikitika. Mimi nasema wamwonje.

Anayetaka abaki mzima ana hila nyingine ndogo. Wapo wanaomtoa kwenye friji mapema kidogo na kumwekea mifuko ya barafu juu ya kidari tu, kwa muda wa saa moja, ili mapaja yaanze safari yakiwa mbele kwa nyuzi kadhaa. Wengine hufunika kidari kwa foili kikishapata rangi. Kumwagilia mchuzi kila nusu saa, jambo ambalo kila bibi wa huku analisisitiza, hakusaidii ukavu, kwa sababu mchuzi hauingii ndani ya nyama. Unalowesha ngozi, na kila ukifungua mlango oveni inapoa.

Lakini hakuna hila inayofaa bila kipimajoto. Ndege wengi huja na kidude cha plastiki kilichochomekwa kifuani, ambacho hufyatuka nyama ikiiva. Ndani yake mna springi iliyoshikiliwa na kipande cha madini laini. Madini yakiyeyuka, springi inaruka. Shida ni kwamba kwa kawaida huruka karibu na nyuzi 82, wakati kidari kimekwisha kupita mbali. Nunua kipimajoto cha kuchoma nyama. Kichome penye unene zaidi wa kidari, kisha ndani ya paja karibu na kiungo, pasipo kugusa mfupa, maana mfupa hutoa joto la uongo. Dakika za mwisho tarakimu hupanda upesi: 61, 64, 67, na ukisema ngoja nikaandae saladi, umechelewa. Mimi humtoa kidari kikisoma 71. Joto la nje huendelea kutembea kuelekea ndani hata akiwa mezani, nami humpima tena baada ya dakika kumi kuhakikisha amefika 74. Asipofika, anarudi motoni.

Nusu saa apumzike bila kukatwa. Mchuzi ulio ndani unapopoa kidogo huwa mzito, na kisu hakimwagi kila kitu kwenye ubao. Kisha mapaja yatolewe kwanza, na kidari kivuliwe kizima kutoka kwenye mfupa, ndipo kikatwe vipande kwa kukingama na nyuzi za nyama, si kwa kuzifuata.

Mabaki yaingie friji kabla muda wa saa mbili haujapita. Mifupa na ule uti wa mgongo ulioukata naichemsha usiku huohuo pamoja na kitunguu, tangawizi na pilipili manga, kwa saa tatu nne, naichuja, naiacha ipoe. Asubuhi ya Ijumaa ukifungua bakuli, supu haimwagiki. Imeganda, inatikisika ukiigonga kwa kijiko. Ni ile kolajeni ya miguu iliyotembea kutwa, safari hii imepata muda wake wote.