Kwa nini majibu safi ya hospitali hayamtulizi mwenye hofu ya ugonjwa?

Mtu amepima moyo mjini Mombasa, ameambiwa uko sawa, amepanda matatu ya Bamburi akiwa mwepesi. Hajafika Nyali, shaka imerudi: huenda mashine ilikuwa mbovu.

Nyumbani wataambiana kwamba anadeka, au anajitia ugonjwa. Sivyo kabisa, na maneno hayo huumiza. Anachohisi kipo mwilini. Hofu humwaga adrenalini, kemikali ya mwili ya kujihami, moyo ukaenda mbio, kifua kikabana. Akipumua harakaharaka, vidole hufa ganzi. Tezi ya shingo ikibonyezwa kutwa huuma kwelikweli, na maumivu hayo huwa ushahidi mpya wa saratani. Hisia ni za kweli, tafsiri ndiyo iliyopotoka.

Fikiria feni ya dari. Inalia usiku kucha nawe umelala. Siku mgeni akisema, “Mbona feni yenu inalia hivi?”, usingizi umekwisha. Feni ni ileile. Ila sasa kila ukitega sikio kuangalia kama bado inalia, unaufundisha ubongo kwamba mlio ule ni wa kuchungwa, nao unauleta juu zaidi. Mapigo ya moyo huwa hivyohivyo kwa anayejishika mshipa kila mara.

Majibu safi hushusha hofu kwa saa kadhaa, pengine siku. Nafuu hiyo tamu ndiyo humrudisha kutafuta kipimo kingine, daktari mwingine, Google tena saa nane za usiku. Wapo pia wanaokwepa hospitali kabisa, na hao husahaulika kwa sababu hawasumbui mtu.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka hofu hii iwe imedumu miezi 6 au zaidi ndipo iitwe ugonjwa. Kwa hivyo wiki moja ya wasiwasi baada ya msiba si ugonjwa. Joto la Pwani nalo huongeza mapigo ya moyo, homa bado ipimwe malaria, na maumivu mapya makali ya kifua ni ya kukimbizwa hospitali, hata kwa mwenye wasiwasi.

Utafiti wa Sweden wa mwaka 2023 uliona waliogunduliwa na tatizo hili hufa mapema kuliko wenzao, wengine kwa kujiua. Ilhali linatibika: tiba ya mazungumzo humzoesha mtu, kidogo kidogo, kuiacha tezi bila kuibonyeza na shaka bila kuijibu. Kwa walio Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina huduma ya afya ya akili.